Kuhama X kwenda Mastodon: mwongozo kwa waongoza watalii, wapiga picha na vikundi vya Arusha na Moshi

Kufungua akaunti ya Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na X (zamani Twitter), ni kazi ya dakika tano. Unaweza kuimaliza ukiwa umekaa kwenye kifodi kutoka Kwa Mrombo kwenda mjini. Ugumu uko kwingine. Wengi huhama mmoja mmoja, bila orodha ya watu waliokuwa wakifuatana nao, wakazungumza peke yao wiki mbili kisha wakarudi walikotoka. Kwa hiyo hapa tunahamisha watu kwanza, akaunti baadaye.

Walengwa ni wanaoishi kwa wageni na kwa jina lao: waongoza watalii, kampuni ndogo za safari, vikundi vya wagumu (wapagazi) wa mlimani, wapiga picha, wauza kahawa. Fanyeni kazi hii wakati wa masika, Machi hadi Mei, wageni wanapopungua na watu wana nafasi ya kukaa mezani. Ukianza Julai, kundi lote liko kambini Barafu au Serengeti na hakuna atakayemaliza hatua hata moja.

Unakohamia kukoje

Mastodon, iliyoanzishwa na Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016, haina mmiliki mmoja wala kompyuta moja kuu. Watu wa Kilimanjaro wataielewa haraka wakifikiria kahawa. Tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa, ilipoundwa mwaka 1933, mkulima wa Kibosho au Machame amekuwa mwanachama wa chama chake cha msingi, chenye viongozi wake, mizani yake na daftari lake, na vyama hivyo ndivyo vinavyoungana. Seva ya Mastodon, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti za kundi la watu, ni kama chama cha msingi. Unajiandikisha kwenye seva moja tu, lakini unaweza kumfuata, kumjibu na kusambaza posti ya mtu aliye kwenye seva nyingine yoyote, kwa sababu zote zinatumia itifaki moja, ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018. Seva ikiongozwa vibaya, unahamia nyingine na wafuasi wako wanakuja nawe. Kwenye X hilo haliwezekani.

Kwa sababu hiyo anuani ina sehemu mbili, kama barua pepe: @jinalako@mastodon.social. Kosa la kwanza la wageni wengi ni kuandika nusu ya kwanza tu kwenye kadi ya biashara au ubavuni mwa Land Cruiser. Jina lilelile linaweza kuwa la mtu mwingine kwenye seva nyingine, na wewe hupatikani.

Kwa nini si Bluesky, mtandao mwingine unaofanana na X? Ni rahisi zaidi kuanza nayo, tangu Februari 2024 haihitaji mwaliko, na ukipata mteja huko fungua akaunti bila wasiwasi. Lakini akaunti zake nyingi bado zinakaa kwenye mitambo ya kampuni moja. Kama kinachokusukuma kuhama ni kuchoka kutegemea uamuzi wa mwenye nyumba mmoja, Mastodon ndiyo inayolijibu tatizo hilo. Kuna sababu nyingine ya kibiashara: Wajerumani na Waholanzi, ambao wengi wenu mnawapokea KIA kila msimu, wana taasisi zao huko. Televisheni ya ZDF ina seva yake, zdf.social, na serikali ya Uholanzi ina social.overheid.nl. Waswahili bado ni wachache. Usitarajie gumzo la siasa na mpira kama ulivyolizoea; tarajia wateja, wapenda ndege, wapanda milima na wapiga picha.

Chukua vitu vyako X kabla ya kusema kwaheri

X ilizuiwa nchini Tanzania Mei 2025, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilikwisha kuagiza tangu Oktoba 2023 kwamba anayetumia VPN (programu ya kupitishia intaneti kwingine) aisajili. Usiruke hatua hiyo. Anayevuka mara kwa mara kwenda Kenya kupitia Namanga anaweza kufanya kazi hii akiwa upande wa pili, mradi atumie laini ya Kenya au Wi-Fi ya hoteli. Laini ya Tanzania iliyo kwenye roaming kwa kawaida hurudisha data yako kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, na kizuizi kinakufuata hadi Nairobi.

Kabla ya safari hiyo hakikisha barua pepe na namba ya simu zilizoandikwa kwenye akaunti bado ziko mikononi mwako, kwa sababu X hutuma msimbo huko kabla ya kukuruhusu kuomba faili. Hapa ndipo kampuni nyingi hukwama: akaunti ilifunguliwa na kijana wa masoko aliyeondoka miaka mitatu iliyopita, kwa laini iliyokwisha kufungwa. Kisha ingia "Settings and privacy", "Your account", halafu "Download an archive of your data". Faili haliji papo hapo. Subiri saa 24 au zaidi, kwa hiyo panga siku mbili au tatu, si saa moja ya chai mpakani. Kama ulikuwa ukiweka video, faili litakuwa la GB kadhaa. Lipakue kwa Wi-Fi kwenye kompyuta, si kwa bando la simu.

Ukilifungua utaona ukurasa uitwao "Your archive.html", ambao unasomeka kwenye kivinjari hata bila intaneti. Picha zako ziko ndani ya folda ya data, kwenye tweets_media. Zimebanwa, kwa hiyo si mbadala wa picha halisi zilizo kwenye kamera au diski yako.

Jambo linalowaumiza wengi ni orodha ya watu. Faili la following.js linaonyesha namba za akaunti, si majina. Ukishapoteza njia ya kuingia X, namba hizo hazikusaidii kitu. Basi kabla ya kutoka, fungua ukurasa wa unaowafuata na wa wanaokufuata, uandike kwa mkono watu 30 hadi 50 wenye maana kwako: mawakala wa nje, wateja waliorudi mara mbili, waandishi wa safari, hifadhi, wenzako wa mlimani. Tumia jedwali la safu tatu: jina, anuani ya X, anuani mpya. Safu ya tatu utaijaza taratibu. Zamani programu ziliifanya kazi hii zenyewe, lakini zilikufa mwaka 2023 Twitter ilipositisha huduma ya bure iliyokuwa ikiziruhusu kusoma data. Anayekuambia leo kwamba programu yake itakuhamishia wafuasi wote kutoka X hadi Mastodon kwa kubonyeza mara moja anataka nywila yako.

Kuchagua seva

Tumia muda hapa. Tovuti ya joinmastodon.org huorodhesha seva zilizokubali masharti manne: kuhifadhi nakala ya data kila siku, kuwa na angalau mtu mmoja zaidi anayeweza kuingia kukitokea dharura, kutoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga, na kudhibiti kwa vitendo ubaguzi na matusi. Sharti la pili ndilo tunalolipa uzito kuliko yote. Seva ya mtu mmoja, hata awe mwema namna gani, inazimika siku anapougua au kuchoka. Seva ya mastodon.lol ilifungwa mwaka 2023 kwa sababu msimamizi wake alichoshwa na ugomvi. Alitoa taarifa mapema, na waliomsikiliza walihama salama na wafuasi wao.

Soma ukurasa wa "About" wa seva mpaka mwisho. Baadhi haziruhusu akaunti za biashara, na kampuni ya safari ikijiunga huko itafutwa ndani ya siku chache, kwa haki kabisa. Ukishindwa kuamua, anza na mastodon.social, kubwa kuliko zote na inayoendeshwa na watengenezaji wenyewe. Utahama baadaye ukishajua mtaa. Mpiga picha ambaye kazi yake ni picha tupu atapendezwa zaidi na Pixelfed, yenye sura kama ya Instagram. Watu wa Mastodon wanaweza kumfuata akiwa hukohuko.

Seva nyingine hupitisha maombi kwa mkono na kukuuliza sababu ya kujiunga. "Nataka kujiunga" hukataliwa, kwa maana ndivyo waandikavyo matapeli. Andika sentensi mbili: wewe ni nani, uko wapi, utaandika kuhusu nini. Kama ni akaunti ya kampuni au kikundi, tumia barua pepe ya ofisi, si ya mfanyakazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu, na zile namba za dharura unazopewa ziandike kwenye karatasi iwekwe kabatini pamoja na leseni ya biashara. Simu huibwa stendi kila siku; bila karatasi hiyo umefungiwa nje.

Kwenye simu za Android, programu ya Tusky ya kusomea na kuandikia Mastodon ni nyepesi na inatosha. Ndani ya mipangilio yake unaweza kuzima upakuaji wa picha za awali, na bando litadumu.

Mipangilio ambayo ukiisahau huonekani

Fungua akaunti kwenye kivinjari, maana programu ya simu haionyeshi yote. Ndani ya wasifu wako nenda "Privacy and reach" na uruhusu posti zako zitokee kwenye matokeo ya utafutaji. Tangu toleo la 4.2 la Septemba 2023, hilo halijiwashi lenyewe. Mtu anaweza kuandika mwaka mzima kuhusu njia ya Lemosho, na anayetafuta "Lemosho" asimwone kamwe.

Kila posti ina alama ya lugha. Ukiandika Kiswahili, chagua Kiswahili. Ukiandika Kiingereza, badilisha. Kuna watu huchagua kwa kila wanayemfuata lugha watakazoona, kwa hiyo posti ya Kiingereza yenye alama ya Kiswahili inawapita bila wao kujua.

Halafu kuna alama ya kijani ya uthibitisho. Hainunuliwi. Wasifu una nafasi nne za viungo. Weka tovuti yako kwenye moja, kisha kwenye tovuti hiyo ongeza mstari huu:

<a rel="me" href="https://mastodon.social/@jinalako">Mastodon</a>

Kiungo kinachorudi ndicho kinachothibitisha kwamba mwenye tovuti na mwenye akaunti ni mtu mmoja. Tovuti iwe ya https. Ukishaweka mstari huo, rudi kwenye wasifu na uuhifadhi upya, kwa sababu ukaguzi hufanyika unapohifadhi. Wengi hungoja wiki nzima wakidhani kuna hitilafu. Kwa biashara ya safari tunaliona hili kuwa la lazima. Matapeli wanaojifanya kampuni za Arusha na kupokea malipo ya awali ya wageni wapo, na alama hii ni njia ya bure ya kumwonyesha mgeni wewe ni yupi.

Siku ya kuhama

Chagueni siku moja kwenye kundi la WhatsApp, watu kumi hadi ishirini. Siku tatu kabla, kila mmoja awe ameweka picha, maelezo na posti tano au sita, kwa sababu akaunti tupu haifuatwi. Posti ya kwanza iwe ya kujitambulisha, na mwishoni iwe na alama reli ya #introduction, ambayo wenyeji huifuatilia kuwakaribisha wapya. Ibandike juu ya wasifu.

Mmoja wenu atengeneze faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Mstari wa kwanza uandikwe Account address, na kila mstari unaofuata uwe na anuani moja kamili bila alama ya @ ya mwanzo: jinalako@mastodon.social. Mlitume kwenye kundi. Kila mmoja aingie kwenye kivinjari, "Import and export", achague orodha ya kufuata, alipakie faili. Mtaulizwa kama mnataka "Merge" au "Overwrite". Chagueni "Merge". La pili hufuta kila mtu uliyekwisha kumfuata na kubakisha waliomo kwenye faili tu, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Kwa dakika kumi kundi zima limefuatana, na ukurasa wa kila mmoja una uhai kuanzia jioni hiyo.

Akaunti ya X usiifute. Ukiizima, baada ya siku 30 inafutika, na jina ulilolijenga kwa miaka linaweza kuangukia mikononi mwa mtu wa kupokea malipo ya wageni kwa niaba yako. Iache, badilisha nywila, na ubandike posti moja ya kudumu yenye anuani mpya. Anuani hiyo iandike pia ndani ya picha. Desemba 2022 Twitter ilizuia kwa muda viungo vya kwenda Mastodon, na kilichotokea mara moja kinaweza kurudi. Kama unaweza kuingia X kwa utaratibu, endelea kuandika kote kuwili kwa wiki nane, kisha punguza.

Mwezi wa kwanza: yatakayokushangaza

Hakuna mtambo unaokuchagulia posti. Unaona walioandika kwa mpangilio wa saa, basi. Posti yako ya saa tano asubuhi haifufuliwi jioni. Ukiwalenga Wajerumani, waandikie wakiwa wametulia: saa mbili usiku ya Berlin ni saa tatu usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa nne usiku wakati wa baridi yao.

Nyota, ile alama ya kupenda posti, haimfikishi mtu popote. Inamfurahisha mwandishi tu. Kinachosambaza ni kurusha tena ("Boost"). Mzoeshane kurushiana kazi nzuri kwenye kikundi, la sivyo kila mmoja anabaki na watu wake.

Alama reli ndizo barabara. Unaweza kuifuata #Kilimanjaro au #Serengeti kama unavyomfuata mtu. Maneno yakiungana, anza kila neno kwa herufi kubwa, #MlimaMeru, ili programu zinazowasomea wasioona ziyatamke sawasawa. Tatu au nne zatosha kwa herufi 500 ulizonazo.

Picha iandikiwe maelezo. Nafasi ni hadi herufi 1,500, lakini sentensi mbili zinatosha: "Wagumu watano wakipanda ukuta wa Barranco asubuhi, kila mmoja na begi kichwani, nyuma yao mawingu yamefunika bonde." Wengi huko hawarushi picha isiyo na maelezo, hata iwe nzuri namna gani. Hili si adabu tupu. Wasioona ni wengi kwenye mtandao huo.

Ukimtafuta mtu wa seva nyingine ukakuta ukurasa wake hauna kitu, usidhani hajaandika. Seva yako huleta posti za watu ambao mwanachama wake mmojawapo anawafuata. Bandika anuani yake kamili kwenye kisanduku cha kutafuta, mfuate, na kuanzia hapo zitakuja.

Ujumbe wa faragha si wa faragha kama WhatsApp. Haujafumbwa, na msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Tena ukimtaja mtu wa tatu kwa anuani yake ndani ya ujumbe huo, naye anaupata. Nakala za pasipoti, namba za akaunti ya benki na bei za siri zipeleke kwa njia nyingine.

Kuhama kutoka seva moja hadi nyingine

1. Kwenye seva ya zamani, pakua CSV za unaowafuata, uliowazuia na alamisho zako. Omba pia nakala ya posti zako. Huombwa mara moja kila siku saba.
2. Fungua akaunti mpya. Ndani ya "Account" tafuta "Moving from a different account" na uandike anuani ya zamani. Bila hatua hii, inayofuata inakataa.
3. Rudi kwenye akaunti ya zamani, "Move to a different account", andika anuani mpya na nywila.
4. Pakia zile CSV kwenye akaunti mpya.

Wafuasi huhamia wenyewe, kwa saa chache au zaidi. Posti hazihamii, zinabaki kule kama kumbukumbu. Ukishahama, unasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena, kwa hiyo usijaribujaribu. Na hatua hizi zote zinahitaji seva ya zamani iwe hai. Ikizimika ghafla, kinachokuokoa ni CSV uliyoihifadhi. Ipakue kila tarehe 1 ya mwezi, uiweke nje ya simu.

Kujenga seva yenu wenyewe

Kikundi cha watu chini ya ishirini kisijenge. Gharama si fedha, ni mtu wa kuamka usiku. Mkiwa tayari, msianze na Mastodon yenyewe. GoToSocial, programu nyepesi ya seva inayotumia ActivityPub ileile, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kukodi yenye kumbukumbu ya GB 1 na diski ya GB 15 hadi 20. Haina ukurasa wake wa kusomea posti. Mtaingia kwa Tusky. Msiiweke nyumbani Sakina kwa intaneti ya simu: anwani ya mtandao unayopewa hushirikiwa na wateja wengi, seva za nje haziwezi kukufikia, na umeme ukikatika kwa siku nyingi seva nyingine huacha kuleta posti.

Jina la kikoa (anuani ya seva yenu mtandaoni) chagueni kwa kuwaza miaka kumi, kwa kuwa likishaanza kuwasiliana na seva nyingine halibadilishwi. Kulibadilisha ni kuanza upya bila mfuasi hata mmoja. Lilipiwe na kikundi, si na mtu, na tarehe ya kulipia iandikwe kwenye daftari la mhazini. Mkishapokea barua pepe na ujumbe wa wanachama, mnashika taarifa binafsi za watu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka mjisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kumfungulia mlango mwanachama wa kwanza.